Kutia Sahihi Hati ya Fidia

Mtu aumiapo kazini huletewa hati atie sahihi, na pengine huletewa angali kitandani. Yafaa machifu na walimu wawafahamishe watu kwamba hati hizo ni za namna mbili, nazo hazifanani.

Ya kwanza ni taarifa ya ajali. Kwa Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya Kenya, ya mwaka 2007, mwajiri sharti ampelekee Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini taarifa hiyo katika siku 7 tangu kuijua ajali. Hati hii haimpotezei mtu haki yake; lakini kwanza atazame tarehe, mahali, na hasa mshahara ulioandikwa. Maana kilema cha daima hukadiriwa kwa mshahara wa miezi 96. Apataye shilingi 20,000 kwa mwezi, daktari akimpima kilema cha 10 katika 100, hustahili shilingi 192,000. Mshahara ukiandikwa 10,000, fidia hupungua nusu.

Ya pili ni hati isemayo, “Nimepokea, sina dai tena.” Hii asiitie sahihi wala dole gumba kabla daktari hajampima na kabla hajasomewa yote, aende nayo kwanza ofisi ya kazi, akaulize. Hana sababu ya kuharakishwa, kwani muda wa kudai ni miezi 12 tangu ajali. Na asiyeridhika na uamuzi wa Mkurugenzi aweza kuupinga kwa barua katika siku 60. Lakini asilale, kwa kuwa siku hazimngoji mtu.