Chembe Zinazokataa Kufa

Wazazi wapendwa, tazameni shamba la ndizi. Mgomba ukiisha kuzaa mkungu wake hufa, hata usipoukata, na chipukizi hushika nafasi yake. Kama migomba ya zamani ingekataa kufa, shamba lingesongana na watu wangekosa chakula. Mwili nao ni hivyo. Umejengwa kwa chembe ndogo sana, na kila siku chembe mabilioni hufa ndani yetu ili nyingine zipate nafasi. Mkono wa mtoto aliye tumboni mwanzo ni kama kafi la mtumbwi. Chembe za katikati hufa, ndipo vidole hutengana. Kufa huku si ugonjwa. Chembe hupokea amri, hujikunja, hujikata vipande vidogo, na chembe nyingine huvila.

Wengi hudhani kansa, ambayo kwetu huitwa pia kansere, ni chembe zinazozaa mno tu. Hiyo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kwamba zimeacha kutii amri ya kufa.

Ugonjwa unaoonyesha jambo hili waziwazi ulichunguzwa ng'ambo ya Ruwenzori, kwa jirani zetu wa Uganda. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, Kampala, daktari mpasuaji Denis Burkitt aliitwa kumtazama mtoto wa miaka 5 aliyevimba taya pande zote. Mwaka 1961 alisafiri kwa motokaa pamoja na madaktari Ted Williams na Clifford Nelson, maili zipatazo 10,000, wakiuliza hospitali kwa hospitali. Waliona kwamba ugonjwa huo hupatikana penye joto na mvua, na huadimika katika nchi zilizo juu ya mita 1,500 hivi. Baadaye sababu ilijulikana: huo ni mpaka wa malaria kali. Sisi wa Musienene na Butembo tuko juu yake, lakini ndugu zetu wa Beni na wa bonde la Semliki wako chini, na watu hupanda na kushuka kila siku ya soko.

Malaria hufanyaje? Mwaka 1964, huko London, Epstein, Achong na Barr waliona virusi ndani ya chembe za uvimbe uliotoka Kampala. Karibu kila mtu anavyo virusi hivyo. Huambukizwa kwa mate tukiwa wadogo, na wengi havituletei neno. Hujificha ndani ya chembe nyeupe za damu za aina B. Malaria ikimrudia mtoto mara kwa mara, chembe B huzaana kwa haraka, na askari wa mwili, chembe T, ambao kazi yao ni kuua zilizo na virusi, huchoka. Katika haraka hiyo, huenda maandishi ya urithi yakakatika na kuungwa vibaya. Amri moja iitwayo MYC huhama mahali pake, ikalia usiku na mchana: zaa, zaa! Kwa kawaida chembe inayoamriwa hivyo bila sababu hujiua yenyewe. Lakini virusi huizuia isife, na mara nyingi mlinzi aitwaye p53 ameharibika. Basi huishi, na kuzaa wasiotii kama yeye. Hesabu yao yaweza kuongezeka maradufu kwa siku 1 au 2.

Jambo moja hunishangaza. Kipande cha uvimbe huo kikitazamwa kwa hadubini, huonekana kama mbingu ya usiku yenye nyota. Nyota hizo ni chembe kubwa zinazokula maiti za chembe. Maana yake, nyingi bado hutii; zinazobaki ni zenye shingo ngumu. Ndiyo sababu dawa ya siklofosfamidi, iliyotumiwa Kampala tangu miaka ya 1960, yaweza kuyeyusha uvimbe kwa siku chache. Mabaki hupita kwenye figo, kwa hiyo mtoto hupewa maji mengi.

Si kansa zote za chembe nyeupe zinazokwenda mbio. Wakati mwingine chembe T zenyewe huasi, zikakaa katika ngozi na damu. Huzaa polepole, lakini hazifi, maana mara nyingi mlango wa kupokelea amri, uitwao Fas, umepunguka. Mgonjwa huwashwa miaka mingi, akipakwa dawa za upele bila kupona. Mabaka ya namna hiyo yafaa kukatwa kipande na kuchunguzwa.

Mtoto akilegea meno bila sababu, au taya likivimba, jicho likisukumwa nje, tumbo likijaa, msimpeleke kung'olewa meno wala kuchanjwa chale. Mleteni hospitali juma lile lile. Tena nawasihi neno moja. Uso ukirudi kama zamani, mama hufurahi na kufunga mizigo, maana maharagwe yanangoja shambani. Namwelewa. Lakini chembe zilizobaki, ambazo hakuna jicho linaloziona, ndizo zilizokataa kufa kuliko zote, na zikizaa tena, huenda dawa ile ile isizishinde. Mtoto aliyeanza kucheza uani bado ana sindano za kumaliza. Mleteni siku iliyoandikwa katika karatasi yake.