Redio ya Gari: Usalama wa Familia Umo Katika Fyuzi na Nyaya

Magari mengi ya familia zetu hapa Mtwara yameletwa kutoka Japani yakiwa yametumika. Redio zake nyingi zimeundwa kwa masafa ya FM ya huko, yanayoanzia megahezi 76 na kuishia karibu na 90, ilhali stesheni za kwetu ziko kati ya 88 na 108. Ndiyo maana wengi hufunga redio nyingine, wapate mawaidha na visomo vya Qur'ani katika safari ya zaidi ya kilomita 500 kwenda Dar es Salaam. Nia ni njema, lakini kazi ya nyaya ikifanywa kwa pupa, matatizo hayakawii.

Katika redio nyingi za dukani, waya wa njano hupokea umeme wa betri muda wote ili kuhifadhi kumbukumbu, mwekundu hupokea umeme ufunguo unapozungushwa, na mweusi ni wa ethi, hufungwa kwenye bodi. Ikiwa redio husahau saa na stesheni kila gari linapozimwa, huenda wa njano na mwekundu zimebadilishana nafasi. Zote mbili zikiungwa moja kwa moja kwenye betri, redio inaweza kunyonya umeme usiku kucha, na alfajiri gari lisiwake. Rangi za nyaya za gari lenyewe hutofautiana. Fundi na apime kwa mita, asikisie.

Ukisikia mlio unaopanda kila unapokanyaga mafuta, umeme wa alteneta unaingia katika sauti. Kabla ya kununua kifaa kingine, kagua ethi. Hewa ya chumvi, kuanzia Mikindani hadi Msimbati, hula chuma upesi, na skrubu iliyokazwa juu ya rangi au kutu haipitishi umeme vizuri. Pakwanguliwe hadi chuma king'ae, pakazwe, kisha pakwe grisi. Penye amplifaya, waya wa umeme upite upande mmoja wa gari na waya wa sauti upande wa pili.

Jambo zito zaidi ni fyuzi. Inapoungua, imetimiza kazi yake ya kuzuia hatari. Wako wanaoweka kubwa zaidi, au kipande cha waya wa shaba, ili redio iendelee kuimba. Hapo fyuzi haitaungua tena. Utakaopata moto ni waya nyuma ya dashibodi, na watoto wamo garini. Rudisha fyuzi ya kiwango kilekile. Ikiungua tena, tafuta waya uliochubuka. Amplifaya nayo iwe na fyuzi yake karibu na betri.

Kuhifadhi nafsi na mali ni miongoni mwa makusudio makuu ya Sheria. Fundi amebeba amana. Naye mwenye gari anayemshurutisha arahisishe kazi ili gharama ipungue, ni mshirika wake katika madhara. Kabla ya kulipa, mwombe akuonyeshe fyuzi, ethi na maungio yaliyofunikwa vyema. Mwenyezi Mungu atulindie familia zetu. Amin.