Moyo wa Milinganyo katika Upimaji wa Usalama wa Dawa

Kila pigo la moyo hutanguliwa na wimbi la umeme linalotokana na ioni, yaani chembe zenye chaji, zinazopita katika utando wa seli kupitia vinjia vya protini vinavyofunguka na kufungika kwa zamu: sodiamu na kalsiamu huingia, msuli ukajikunja, kisha potasiamu hutoka na kuirejesha seli katika utulivu. Dawa inayoziba kinjia cha potasiamu kiitwacho hERG hukawiza marejeo hayo, na ukawiaji huo huonekana katika mchoro wa umeme wa moyo, yaani ECG, kama kurefuka kwa muda wa QT, hali ambayo kwa baadhi ya wagonjwa huvuruga mapigo hadi kuua ghafla.

Terfenadini, dawa ya mzio iliyotumiwa na watu wengi, iliondolewa katika soko la Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa sababu hiyo. Miongozo ya kimataifa ya 2005 ikataka athari za dawa mpya kwa hERG na QT zichunguzwe, na dawa hatari zikanaswa kweli; ila zilinaswa pia zisizo na hatia, na pengine nyingine ziliachwa njiani kabla hazijamfikia mgonjwa yeyote. Verapamili, inayotumiwa kutibu shinikizo la damu, huziba hERG waziwazi, lakini kwa kuwa huziba pia kinjia cha kalsiamu, athari moja huipunguza nyingine, na ni nadra kuvuruga mapigo. Kipimo cha kinjia kimoja hakiuoni uwiano huo.

Modeli ya kompyuta huuona, kwa kuwa ni mkusanyiko wa milinganyo inayokokotoa mikondo yote kwa pamoja, kila mmoja ukiathiri volti ya seli na kuathiriwa nayo. Mwanafiziolojia Denis Noble alichapisha ya kwanza ya seli za moyo mwaka 1960, akiendeleza hesabu ambazo wanafiziolojia Hodgkin na Huxley walizitunga kutokana na neva ya ngisi. Modeli ya O'Hara na Rudy ya 2011, iliyojengwa kwa vipimo vya mioyo ya binadamu, ndiyo iliyochukuliwa kuwa msingi wa CiPA, mpango wa kimataifa wa kupima usalama wa dawa kwa moyo ulioanza 2013 na kuijaribu kwa dawa 28 ambazo hatari yake ilikwisha kujulikana.

Watafiti wa Oxford walikwenda mbali zaidi mwaka 2017: badala ya seli moja walitumia kundi la seli za kidijitali zinazotofautiana kama watu wanavyotofautiana, wakapima dawa 62, na kutabiri hatari kwa usahihi wa asilimia 89, ilhali majaribio ya sungura waliyolinganisha nayo yalifikia takriban asilimia 75. Hata hivyo, milinganyo hiyo hulishwa vipimo vya maabara, ambavyo kwa dawa ileile huweza kutofautiana kutoka maabara moja hadi nyingine, na modeli ya seli peke yake haijui ini la mgonjwa litaacha dawa kiasi gani katika damu; kiwango hicho hukadiriwa kwanza, ndipo hesabu ya moyo ianze.