Mtoto mdogo katika baridi ya Ulaya: Huruma isigeuke madhara

Kila shule zinapofungwa mwezi wa Desemba, wapo miongoni mwetu wanaojaaliwa kwenda Uingereza kuwazuru ndugu zao. Likizo yetu hiyo huangukia katika majira yao ya baridi kali. Jua la London hutoka kama saa mbili asubuhi, na kabla ya saa kumi jioni limeshazama.

Nami nimewahi kufanya safari hiyo. Tulifikia kwa dada yangu mjini Leicester, mimi, mama watoto na mwanetu wa mwaka mmoja na miezi minne. Usiku wa kwanza tulimvisha sweta mbili, kofia ya sufu na soksi, tukamfunika blanketi mbili, na hita ya chumbani ikawaka usiku kucha.

Saa nane za usiku akaamka analia. Mwili unawaka, nywele zimelowa jasho. Mama yake akasema, "Baridi imempata, ana homa!" Nami nikaanza kupekua begi nikitafuta panado. Dada akaingia, akamtazama, akasema, "Kaka, mvueni nguo kwanza."

Tukamvua, tukapunguza hita. Nusu saa baadaye kipima joto kikaonesha nyuzi 36.9, mtoto akalala. Haikuwa homa. Sisi wenyewe ndio tuliompika, na tabibu wa nyumba ni mimi!

Usiku: asizidishiwe

Mtoto mdogo hawezi kusema "nasikia joto", wala kujivua sweta. Kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja, joto lililozidi usingizini ni miongoni mwa mambo yanayohusishwa na vifo vya ghafla vya watoto wachanga. Wataalamu wa huko wanashauri chumba cha mtoto kiwe na nyuzi joto 16 hadi 20. Avuliwe kofia anapolala, na blanketi isipite mabega.

Ukitaka kujua kama ana joto au baridi, gusa kifua au nyuma ya shingo. Mikono na miguu kuwa ya baridi kidogo si dalili ya hatari. Ukikuta jasho, punguza nguo.

Mchana: nguo za tabaka

Nje, mvishe nguo nyepesi kadhaa badala ya moja nzito: fulana, shati, sweta, kisha koti, kofia na glovu. Mkiingia dukani au kwenye basi, mvue koti na kofia, kwani ndani kuna joto. Soksi au nepi ikilowa, badilisha mara moja.

Katika gari, asifungwe mkanda wa kiti chake juu ya koti nene. Koti hubonyea gari linapogonga, mkanda ukalegea, mtoto akachomoka. Mvue koti, mfunge mkanda vizuri, kisha mfunike kwa koti hilo hilo.

Jiko la mkaa ndani ni mauti

Wapo wanaoona gharama za hita ni kubwa, wakaingiza jiko la mkaa chumbani na kufunga madirisha. Ndugu zangu, tusithubutu. Mkaa hutoa gesi ya kaboni monoksaidi, isiyo na harufu wala rangi. Huua familia nzima ikiwa imelala. Hatari hii ipo hata kwetu Lushoto na Njombe.

Usafi na lishe

Mafua huletwa na virusi, na virusi huenea zaidi watu wanapojazana ndani madirisha yakiwa yamefungwa. Fungueni dirisha dakika chache kila siku, na kila anayetoka nje anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumbeba mtoto.

Hewa ya hita hukausha ngozi, basi mpakeni mafuta kila baada ya kuoga. Anywe maji hata kama haombi. Na kwa kuwa jua la majira hayo halitoshi, watoto wa mwaka mmoja hadi minne hushauriwa kupewa vitamini D mikrogramu 10 kila siku.

Akipumua kwa shida, mbavu zikiingia ndani, akikataa kunywa, au nepi ikikaa kavu saa 12, usingoje asubuhi. Kwa ushauri Uingereza hupigwa namba 111, na kwa dharura 999.

Nanyi wazazi, dini yetu ni nyepesi. Aliyevaa khufu akiwa na udhu anaruhusiwa kupaka maji juu yake, mkazi kwa siku moja na usiku wake, msafiri kwa siku tatu na nyusiku zake. Ikiwa Mola ametuhurumia sisi wakubwa kwa kipimo, nasi tuwahurumie wadogo kwa kipimo.

Tukutane toleo lijalo, inshaallah. Wabillahi tawfiq.