Msumeno wa trekta: Tazama kinga kabla ya bei

Jioni moja nililetewa kijana aliyekuwa amefungwa leso mkononi, nayo imelowa damu. Rafikiye alibeba vidole viwili ndani ya kopo lililojaa vipande vya barafu. Wote wawili walidhani wamefanya la busara. Kumbe barafu ilikuwa imekwisha kuigandisha na kuiharibu nyama, na daktari wa upasuaji hakuweza kuviunga tena vidole hivyo.

Kijana huyo alikuwa kibarua wa msumeno wa kuni unaoendeshwa kwa trekta. Mashine kama hizo hutumika katika sehemu za mashamba makubwa, kwa kuwa shule na viwanda vya majani chai huhitaji kuni kwa wingi. Wapo watu wa mjini wanaoinunua ili kufanya biashara, kisha wakawaachia vibarua kazi. Mnunuzi huuliza bei, lakini anayelipa kwa vidole vyake ni mwingine.

Hatari kubwa ziko mahali pawili. Ya kwanza ni meno ya msumeno, ambayo kila mtu huyaona. Ya pili ni shafti inayotoka nyuma ya trekta kuuzungusha msumeno. Katika trekta nyingi, shafti hiyo huzunguka mara 540 kwa dakika, yaani mara tisa kila sekunde. Ikinasa mkono wa sweta au ncha ya kanga, mtu huvutwa kabla hajawahi kupiga kelele.

Unaponunua

Hakikisha shafti imefunikwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Msumeno nao uwe na kifuniko cha chuma juu na chini, pakiachwa wazi pale tu gogo linapopita. Chagua meza inayosogea, ili gogo lisukumwe pamoja na meza wala si kwa mikono mitupu. Usikubali msumeno wenye ufa, wala usiuzungushe kwa kasi inayozidi ile iliyoandikwa juu yake. Muuzaji akisema kinga zitaletwa baadaye, mwache na mashine yake.

Kazini

Trekta isimame mahali tambarare, handibreki ikiwa imevutwa. Anayekata avae nguo zinazombana, miwani ya kinga, viziba masikio na viatu vigumu. Watoto wakae mbali kabisa. Mtu asiiruke shafti inapozunguka, hata kama ana haraka. Gogo likikwama, zima injini, chomoa ufunguo na usubiri msumeno usimame wenyewe ndipo uliguse. Aliyekunywa pombe au aliyechoka asikaribie.

Ajali ikitokea

Bonyeza jeraha kwa nguvu kwa kitambaa safi, na uuinue mkono. Ikiwa damu ya mkono au mguu bado inabubujika, funga kitambaa kipana juu ya jeraha, lakini si juu ya kiungo, ukikaze kwa kijiti hadi damu ikome. Andika saa uliyofunga, wala usikifungue mpaka hospitalini.

Kidole kilichokatika kifungwe katika kitambaa safi chenye unyevu kidogo, kitiwe ndani ya chombo kisichopenyeza maji, kisha chombo hicho kiwekwe juu ya barafu. Kidole kisiiguse barafu yenyewe. Mgonjwa na kidole chake wafike hospitalini pamoja, bila kuchelewa, naye aulizwe kama amepata sindano ya pepopunda.

Juhudi hizo si za bure. Mwaka 2018, madaktari wa Hospitali ya Taifa ya Kenyatta waliuunga mkono wa kijana uliokatwa na mashine ya kukatia majani ya ng'ombe. Hata hivyo, upasuaji wa aina hiyo huchukua saa nyingi na hautoi hakikisho. Kifuniko cha shafti hufungwa kwa muda mfupi tu, nacho humwezesha kibarua kurudi nyumbani jioni akiwa na vidole vyake vyote kumi.