Sura ya Saba: Mota Ikipata Hitilafu Barabarani

Mota ya gari la umeme ikiharibika safarini, wengi wetu tungekimbilia kuzima umeme. Gari likienda polepole, uamuzi huo ni sahihi. Likienda kasi, kuzima kunaweza kuzusha hatari mpya.

Mota nyingi za magari haya hutumia umeme wa fezi tatu. Kati ya betri na mota kuna inveta yenye swichi sita za transista, mbili kwa kila fezi, zinazowaka na kuzima maelfu ya mara kwa sekunde. Sensa hupima ampea za kila fezi, na sensa nyingine huonyesha rota, yaani sehemu ya mota inayozunguka, imefika pembe gani. Swichi inaweza kugoma kuwaka au kupiga shoti. Koili inaweza kukatika. Sensa inaweza kutoa kipimo cha uongo.

Tuanze na sensa. Koili tatu zikiwa zimeunganishwa ncha moja, jumla ya mikondo yake ni sifuri wakati wote. Fezi ya kwanza ikisoma 120, ya pili -70 na ya tatu -50, hesabu imekaa sawa. Ya tatu ikianza kusoma -20, jumla inakuwa 30, na kompyuta inajua kuna kasoro. Hulinganisha kila kipimo na kile ilichotarajia, humtambua mwongo, humweka kando, kisha hukokotoa mkondo wa fezi hiyo kutokana na zile mbili nyingine. Dereva anaona taa ya onyo tu.

Swichi ni mtihani mgumu zaidi. Rota nyingi zina sumaku za kudumu, na sumaku haizimwi. Maadamu magurudumu yanaizungusha, mota inafua umeme, na volti hupanda kadiri mwendo unavyoongezeka. Ikiizidi volti ya betri, umeme hupenya kwenye daiodi za inveta, yaani vipande vinavyoupitisha mwelekeo mmoja tu, na kurudi betrini hata kama swichi zote zimezimwa. Gari hujikuta limefunga breki ambayo hakuna aliyeikanyaga. Ndiyo maana, kwenye mwendo mkubwa, kompyuta hupiga shoti ya makusudi: huwasha swichi tatu za upande mmoja, moja kwa kila fezi, umeme ukabaki kuzunguka ndani ya koili. Kwenye mwendo mdogo shoti hiyohiyo ndiyo hukaba magurudumu, hivyo hapo swichi zote huzimwa.

Na koili moja ikikatika, je, gari linaweza kuendelea na safari kwa fezi mbili? Linaweza, ikiwa inveta ina njia ya nne iliyounganishwa pale koili zinapokutana. Lakini ili nguvu ibaki ileile, kila fezi iliyosalia hubeba mkondo mara 1.73, na kwa kuwa joto hufuata mraba wa mkondo, koili hupata joto mara tatu. Kwa hiyo kompyuta hupunguza nguvu, gari likajikongoja hadi gereji. Mota ya fezi sita, yaani seti mbili za fezi tatu, hupoteza seti moja na kubaki na nusu ya nguvu.

Ulinzi huu wote hutegemea programu, nayo hukosea. Februari 2014 Toyota iliita gereji magari takriban milioni 1.9 ya Prius, ambayo ni haibridi, kwa sababu programu iliweza kuzizidishia joto baadhi ya transista hadi zikaharibika. Kwa kawaida gari lingepunguza nguvu, lakini mara chache lingeweza kuzimika likiwa njiani. Tiba ilikuwa programu mpya.

Msomaji mwenye gari la umeme akumbuke jambo moja: likikwama, lisivutwe kwa kamba. Magurudumu yakizunguka, mota inafua umeme hata ufunguo ukiwa mfukoni. Lipakie juu ya lori.