Kanali wa Subukia na Kiti cha Rift Valley

Katika siku za utawala wa Waingereza kiti cha Rift Valley katika Baraza la Kutunga Sheria kilikuwa kama urithi wa masetla waliopata kuwa wanajeshi. Kabla ya mwaka 1948 kilikaliwa na Lord Francis Scott wa Deloraine, karibu na Rongai, ambaye alikuwa ofisa wa kikosi cha Grenadier Guards na alijeruhiwa katika Vita Kuu ya Kwanza. Aliyekipokea baada yake alikuwa mwanajeshi mwingine, mkulima wa Subukia, jina lake Michael Blundell. Wote wawili walichaguliwa na Wazungu peke yao. Lakini huyu wa pili, miaka kumi na mitatu baadaye, alikipata kiti hicho hicho kwa kura za Waafrika, huku wengi wa Wazungu wenzake wakimpa kisogo. Habari hiyo yafaa ijulikane na watu wa Nakuru, kwa kuwa jambo lenyewe lilitendeka hapa kwetu, na wale wakulima, walimu na makarani waliopiga kura zile walikuwa ni babu zetu.

Bwana Blundell alizaliwa London tarehe 7 Aprili 1907. Baba yake alikuwa mwanasheria. Alisomeshwa katika shule ya Wellington College, lakini badala ya kuendelea na masomo ya Chuo Kikuu alipanda meli mwaka 1925, akiwa kijana wa miaka 18 tu, akaja Kenya kujifunza ukulima katika mashamba ya watu wengine. Miaka iliyofuata haikuwa ya raha. Nzige walikula mazao, bei ya mahindi ikaanguka duniani kote, na masetla wengi wakaelemewa na madeni. Yeye alistahimili, hata akapata shamba lake mwenyewe katika bonde la Subukia, upande wa kaskazini wa mji wa Nakuru.

Vita vya pili vilipozuka alipewa cheo katika jeshi la Wahandisi wa Mfalme. Mwaka 1940 aliwekwa kuwaongoza askari wa kazi wa Kiafrika, yaani wale wanaotengeneza barabara na madaraja ili jeshi lipite. Wengi wao walikuwa Wajaluo, nao walikuwa wamekataa kutii amri za maofisa wao. Msomaji aliyepata kusimamia watu kazini atajua kwamba hakuna mtihani mgumu kuliko huo. Mtu hawezi kuwatuliza watu wenye manung'uniko kwa kupiga kelele. Hana budi kwanza ajue wanalalamikia nini. Akaenda nao hata vita vya Uhabeshi, na mwaka 1943 akapewa nishani ya M.B.E. Vita vilipokwisha alikuwa amefikia cheo cha Kanali. Mimi nadhani, ingawa siwezi kuthibitisha, kwamba mambo mengi aliyoyafanya baadaye yalianza kule, kwa sababu setla aliyekaa shambani aliwajua Waafrika kama vibarua tu, bali ofisa aliwajua kama watu ambao uhai wake ulikuwa mikononi mwao.

Alipoingia katika Baraza mwaka 1948 hakuwa mtu wa mageuzi. Alisemea haki za wale waliompeleka. Kwa wakulima wa hapa alijulikana zaidi kwa kazi ya pareto, lile ua jeupe linalokaushwa na kutolewa dawa ya kuua wadudu, kwani tangu mwaka 1949 mpaka 1954 alikuwa Mwenyekiti wa Bodi ya Pareto.

Kisha ikaja Hali ya Hatari, iliyotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952. Hapa sina budi kuandika mambo mawili ambayo hayapatani vizuri, lakini yote mawili ni ya kweli.

La kwanza ni hili. Mwezi wa Januari 1953, baada ya familia moja ya Kizungu kuuawa shambani, mamia ya masetla walikwenda kwa hasira mpaka nyumba ya Gavana, Sir Evelyn Baring, huko Nairobi. Askari polisi wa Kiafrika waliwekwa kuwazuia mlangoni, nao walitukanwa na kusukumwa. Gavana hakutoka. Aliyetoka kusema na kundi lile ni Bwana Blundell, kiongozi wao katika Baraza, akawatuliza mpaka wakatawanyika. Kama asingefanya hivyo, pengine siku ile damu ingalimwagika.

La pili ni kwamba mwaka 1954 lilipoundwa Baraza la Vita, yeye aliketi ndani yake pamoja na Gavana, naibu wake na Jenerali Erskine. Baraza hilo ndilo lililoamua kuwahamisha watu zaidi ya milioni moja wa Nchi ya Wakikuyu na kuwatia katika vijiji vilivyolindwa, na ni katika mwaka huo huo maelfu kwa maelfu walitiwa vizuizini. Huku kwetu Rift Valley vibarua wa Kikuyu na jamaa zao walikuwa wamekwisha kuondolewa mashambani na kurudishwa katika hifadhi zisizokuwa na nafasi ya kuwapokea. Wengine walizaliwa katika mashamba hayo na hawakuwa na kwao kwingine. Siwezi kumsifu Kanali kwa mageuzi yake ya baadaye nikajifanya sijui kwamba alikuwa katika chumba ambamo amri zile ziliamuliwa. Wenye mashamba walimwona mpole mno; wenye kuhamishwa hawakuuona upole huo.

Hata hivyo katika mwaka huo huo alikubali katiba mpya iliyoletwa na Bwana Lyttelton, Waziri wa Makoloni, ambayo kwayo Mwafrika wa kwanza, Bwana B. A. Ohanga, alifanywa Waziri. Masetla wengi walinung'unika. Mwaka 1955 yeye mwenyewe akawa Waziri wa Ukulima, wakati ule ambapo mpango wa Bwana Swynnerton ulikuwa unaanza kutekelezwa: kuunganisha vipande vya mashamba, kuwapa wenyewe hati za kumiliki, na kuwaruhusu Waafrika wengi kupanda kahawa, chai na pareto, na kufuga ng'ombe wa maziwa wa jamii bora. Mpango wenyewe ulikuwa na makusudi ya siasa pia, kwani Serikali ilitumaini kwamba mkulima mwenye shibe hatapigana. Na katika kuunganisha mashamba, wako waliopoteza haki zao wakiwa vizuizini. Lakini mkulima ambaye jana alizuiliwa asipande kahawa, na leo anapeleka magunia yake chamani na kulipa karo ya watoto, hakusumbuka sana kuuliza nia ya aliyempa ruhusa.

Mwaka 1959 aliuacha Uwaziri akaunda kundi la siasa lililoitwa New Kenya Group, lenye watu wa rangi zote, likisema wazi kwamba Nyanda za Juu zisitengwe tena kwa Wazungu peke yao. Januari 1960 akaenda kwenye mkutano wa Lancaster House, London, ambako ilikubaliwa kwamba Waafrika wawe wengi katika Baraza. Aliporudi, katika uwanja wa ndege wa Nairobi, setla mmoja alimtupia miguuni vipande thelathini vya fedha na kumwita Yuda. Sisi tuliolelewa katika shule za misheni hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Uchaguzi ulifanyika mwanzoni mwa mwaka 1961, na kanuni zake zafaa zielezwe, kwa kuwa bila hizo habari hii haieleweki. Aliyeruhusiwa kupiga kura ni mtu anayejua kusoma na kuandika lugha yake, au aliyepita miaka 40, au mwenye cheo fulani, au mwenye pato la pauni 75 kwa mwaka. Viti 10 viliwekwa kwa ajili ya Wazungu, na uchaguzi wa viti hivyo ulikuwa wa hatua mbili. Kwanza Wazungu walipiga kura peke yao, na mgombea asiyepata robo ya kura zao aliondolewa. Kisha waliobaki walipelekwa mbele ya wapiga kura wote, wa kila rangi.

Mshindani wa Kanali katika Rift Valley alikuwa Sir Ferdinand Cavendish-Bentinck, mtu mzito, aliyekuwa Spika wa Baraza mpaka alipojiuzulu mwaka 1960 kwa kuyapinga maafikiano ya Lancaster House. Katika hatua ya kwanza Wazungu walimpa Sir Ferdinand ushindi mkubwa. Bwana Blundell, aliyekuwa kiongozi wao, mkulima mwenzao, mwanajeshi wao, aliivuka robo kwa kura chache tu. Hebu fikiri jinsi alivyoweza kutembea katika mji wa Nakuru siku zile, akikutana na watu aliokula nao na kucheka nao miaka thelathini, wakivuka barabara wasimsalimu! Halafu ikafika hatua ya pili. Waafrika wa Rift Valley, ambao miaka michache kabla yake walikuwa hawana kura hata moja katika jambo hili, wakapanga foleni, nao wakamrudisha Barazani kwa kura nyingi kupita kiasi.

Mimi sisemi kwamba walimpenda. Mtu huchagua kati ya wawili waliowekwa mbele yake, na katika wawili wale mmoja alitaka saa irudishwe nyuma. Tena ni wapiga kura wale waliomwokoa yeye, wala si yeye aliyewaokoa wao.

Akawa tena Waziri wa Ukulima katika serikali ya KADU chini ya Bwana Ronald Ngala, mpaka mwaka 1962, mwaka ambao pia alipewa heshima ya kuitwa Sir Michael. Tarehe 12 Agosti 1963 Mzee Jomo Kenyatta alikuja hapa Nakuru akasema na masetla mia kadhaa, akawaambia wasameheane na wananchi na wakae walime. Wengine walikuwa wamekwisha kuuza mashamba yao na kwenda zao. Wengine walikuwa bado wanafunga mizigo. Sir Michael hakwenda. Alikuwa Mwenyekiti wa Chuo cha Ukulima cha Egerton, Njoro, ambacho leo ni Chuo Kikuu, akaongoza kampuni ya bia kwa miaka mingi, na mwaka 1964 akatoa kitabu cha maisha yake ya siasa.

Katika uzee wake alishughulika na maua. Mwaka 1982 alitoa kitabu juu ya maua ya mwituni ya Kenya, na mwaka 1987 kingine juu ya yale ya Afrika Mashariki, akieleza kila ua laota wapi na katika mwinuko gani. Alifariki mwezi wa Februari 1993, akiwa na umri wa miaka 85. Bonde la Subukia, ambako aliwahi kulima, siku hizi limegawanyika katika mashamba madogo madogo ya mahindi, viazi na ng'ombe wa maziwa, na wenye mashamba hayo wanapiga kura zao bila kuulizwa rangi wala pato.